Utulivu Umeisha

Kitabu cha wageni kilikaa kwenye meza ndogo mlangoni, na kalamu yake imefungwa uzi isije ikaondoka na mgeni. Sajini hakuandika jina lake. Alikifungua kwa nyuma, akaanza kusoma waliomtangulia.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kituoni walimwita Kobe, na mwendo wake ulikuwa sababu mojawapo tu. Kesi walizomtupia zilikuwa zile ambazo wakubwa hawana haja zifike mwisho. Hii alipewa kwa mdomo, wamesimama koridoni: kuna nyumba ya kulea wazee, kuna binti analalamika kwamba mama yake ana alama mwilini na hasemi tena. "Nenda, angalia, andika hakuna kitu, rudi," Mkuu wa kituo alimwambia. "Kesho saa sita mchana faili liwe mezani kwangu, limefungwa."

Basi, kitabu. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa amefika mara nne tangu mwaka uanze. Mara ya mwisho aliingia saa nne na dakika tano, akatoka saa nne na dakika ishirini. Vitanda kumi na vinane kwa robo saa. Hata mwenye mbuzi hahesabu mbuzi wake haraka hivyo. Penye nafasi ya maoni aliandika maneno mawili, mara zote nne, yale yale kama ya muhuri: Wazee wametulia.

Sajini alinakili saa na tarehe kwenye daftari lake. Juu ya meza kilitundikwa cheti cha Nyumba Bora, kimesainiwa na wakubwa watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumgeuza mzee kitandani.

"Afande wangu, karibu. Mbona umesimama kama mdai?"

Alikuwa Matroni, msimamizi wa nyumba ile. Mwanamke mfupi, gauni jeupe limenyooka kwa pasi, funguo zimening'inia shingoni kwa utepe. Akanyoosha mkono mdogo wa kumsalimia.

"Chai kwanza?"

"Nimekunywa. Nionyeshe chumba cha sita."

Walipita sebuleni. Wazee saba walikuwa wamekaa kwenye viti mbele ya televisheni. Picha ilikuwa imeganda, mtangazaji kaachama mdomo, mkono uko hewani. Sajini akasimama, akatazama saa yake. Zikapita dakika mbili. Mtangazaji hakufunga mdomo, na katika wazee wale saba hakuna aliyeguna.

"Televisheni imekwama," alisema.

"Itarudi yenyewe."

"Wazee ninaowajua mimi hulalamika hata jua likichomoza."

Matroni alicheka. "Wa kwetu wametulia, afande. Ndiyo sifa yetu."

Chumba cha sita kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha moja linalotazama ukuta wa gereji, na mwanamke wa miaka arobaini aliyekaa ukingoni mwa kiti, mkoba bado uko begani. Huyo ndiye aliyeleta malalamiko. Alikuwa karani wa mahakama, wa dirishani, kazi yake kupokea karatasi za watu na kuwaonyesha pa kusaini.

Kitandani alilala mama yake. Watu wazima wa mji wote waliijua sauti ya mama yule hata kama hawakuijua sura, maana miaka thelathini alikuwa opareta wa simu, enzi za kuunganishiwa. Mpaka leo walimwita Opareta. Macho yalikuwa nusu wazi, midomo imekauka na kupasuka.

"Shikamoo, mama," Sajini alisema.

Marahaba haikuja.

"Mwezi mmoja uliopita alikuwa anatembea," Karani alisema. "Anagombana na watu wa redio. Anawapigia simu kuwasahihisha Kiswahili. Sasa mtazame."

Sajini alimtazama. Alitoa rula ya plastiki mfukoni, ile ya wanafunzi, akainama. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na doa moja pana. Upande wa kulia palikuwa na madoa matatu membamba, yamefuatana. Yote yalikuwa yameshageuka rangi, manjano ya kuelekea kijani.

"Alianguka bafuni," Matroni alisema kutoka mlangoni.

"Lini?"

"Wiki tatu, hivi."

"Akaangukia taya la kushoto, akainuka, akaangukia na la kulia?"

"Afande, mzee anavyoanguka anajua Mungu."

Sajini aliweka rula, akaandika. Doa pana ni kidole gumba. Madoa matatu ni vidole vingine. Toka gumba mpaka vidole, nafasi ndogo. Kisha akaandika sentensi nyingine na kuipigia mstari: Alama zote za wakati mmoja. Mpya hakuna.

"Ni yule Bondia," Karani alisema, Matroni alipoitwa simuni. Alishusha sauti. "Kuna mwanamume hapa kazi yake kuwabeba. Jitu. Aliwahi kupigana ulingoni. Nimemwona kwa macho yangu anamnyanyua mzee kama furushi la nguo."

"Umemwona anampiga mtu?"

"Sijamwona. Lakini mtazame mikono."

Sajini alikwenda kuitazama mikono. Aliikuta nyuma ya nyumba, inakamua mashuka. Bondia alikuwa mtu wa makamo, pua imelala upande, aproni ya plastiki imemfika magotini tu. Alipoona daftari, akakung'uta maji, akanyoosha viganja mbele bila kuambiwa.

"Pima, afande. Wote huanza na mimi."

Rula haikutosha. Toka gumba mpaka kidole cha pili, kiganja cha Bondia kilizidi taya la Opareta karibu mara mbili.

"Mimi nikimshika mtu taya," Bondia alisema, "hutakuja na rula. Utakuja na jeneza."

"Nani ana mkono mdogo hapa?"

"Mimi nabeba tu. Namtoa mtu kitandani, namweka kitini. Namtoa kitini, namrudisha kitandani. Mambo ya kijiko hayanihusu."

"Kijiko gani?"

Bondia alichukua shuka lingine, akalikamua mpaka likalia. "Nimesema kijiko?"

"Umesema."

"Basi uzee unaniingia. Nina watoto wanne, afande, na pua hii hainipatii kazi ya benki. Wewe unajua kusoma. Soma kitabu cha zamu."

Sajini alirudi ndani. Njiani alisimama koridoni, akajishika taya lake mwenyewe, kwanza kwa mkono wa kulia, halafu akanyoosha wa kushoto mbele yake kama anayemshika mtu aliyemkabili. Ili gumba liangukie taya la kushoto la mgonjwa, anayemshika lazima asimame mbele yake na atumie mkono wa kushoto. Watu wengi wa mkono wa kulia hushikia kushoto kwa sababu moja tu: mkono wa kulia una kazi nyingine.

Kitabu cha zamu kilikuwa ofisini, daftari kubwa la jalada gumu. Humo wahudumu wa asubuhi waliwaandikia wa jioni hali ya kila chumba. Matroni alimfungulia mwenyewe, bila shaka yoyote, kama mtu anayeonyesha albamu ya harusi.

Chumba 1, utulivu 1. Chumba 2, utulivu 1. Chumba 6, utulivu 2. Chumba 9, utulivu 1½. Kurasa kwa kurasa, hati mbalimbali, neno lile lile.

"Hizi namba?"

"Viwango. Kama alama za shule. Mzee ametulia kidogo, moja. Ametulia sana, mbili."

"Na nusu?"

"Katikati."

"Kwa hiyo Opareta ndiye aliyetulia kuliko wote."

"Hivi sasa, ndiyo. Alipokuja alikuwa mtihani. Anadai chumba kingine, anadai gazeti, anawafundisha wenzake kukataa kuoga maji baridi." Matroni alitabasamu. "Mtu mmoja kama huyo anakuharibia nyumba nzima."

Sajini aliendelea kufungua, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kwa kidole kilicholowa mate. Matroni akachoka kusimama, akakaa. Kwenye Jumamosi ya wiki iliyopita, kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa: Utulivu umeisha. Chumba cha kwanza mpaka cha kumi na nane hakuna namba."

"Eh."

"Jumapili hakuna. Jumatatu, zamu ya jioni: Utulivu umeletwa, chupa sita." Aliinua macho. "Mama, mimi sikwenda shule sana. Nieleze. Utulivu wa mtu unaletwaje kwa chupa?"

Mkono wa Matroni ulipanda taratibu hadi kwenye funguo, ukazishika. Mkono wa kushoto, mdogo.

Sajini alikwenda mpaka mlangoni, akamwita Karani kutoka chumba cha sita. "Dada, fungua simu yako. Mama yako mara ya mwisho kukupigia ni lini?"

Karani alitafuta. "Jumapili ya wiki iliyopita. Na Jumatatu asubuhi. Kisha basi."

"Alisema vizuri?"

"Vizuri kabisa, sauti yake ile ile. Nikajua anapona." Alimtazama Sajini, akamtazama Matroni. "Aliniuliza watoto hawajambo. Halafu akaniuliza, 'Hivi mimi nimekukosea nini?' Nikaona ni maneno ya uzee."

"Siku mbili ambazo chupa hazikuwepo," Sajini alisema, "mama yako alikuwa na akili timamu na alikumbuka namba yako kichwani. Mama msimamizi, fungua hilo kabati nyuma yako."

Matroni alifungua. Ndani zilipangwa chupa za kahawia, na kijiko kimoja kikubwa cha mezani kimelazwa juu ya kitambaa cheupe. Sajini alisoma karatasi ya chupa kwa sauti, neno kwa neno. Ilikuwa dawa ya wagonjwa wa akili wenye vurugu. Chini yake ilionya asipewe mzee bila daktari kumwona. Kando ya chupa palikuwa na rundo la fomu za daktari. Zote zilikuwa na sahihi na muhuri. Penye jina la mgonjwa, patupu.

"Daktari anasaini kabla ya kujua anamtibu nani?"

"Daktari ana shughuli nyingi. Huja mara moja kwa mwezi, anatuachia." Matroni alikuwa ameshapata sauti yake. "Afande, usinitazame hivyo. Wazee kumi na wanane, wahudumu watatu. Niliomba watu, barua tano, sikujibiwa. Wakubwa wakija wanataka kuona wazee wametulia. Basi nikawatuliza. Na siibi. Kila kitu kina karatasi."

Alivuta droo, akatoa jalada lenye namba sita, akaliweka mbele ya Karani.

"Soma, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa karatasi moja. Juu iliandikwa Ridhaa ya Utulivu. Chini yake mistari miwili: Mimi ndugu wa mzee aliyetajwa nakubali apewe utulivu kila utakapohitajika, kwa kiasi atakachoona msimamizi. Na sahihi, safi, ya mtu anayesaini mara mia kwa siku.

Karani aliishika kwa mikono miwili.

"Hii ni yako?" Sajini aliuliza.

"Ni yangu."

"Ulisaini lini?"

"Mwezi uliopita. Mama alikuwa analalamikia kelele za gereji. Huyu Matroni akanipigia kazini, akasema kuna fomu ya utulivu, njoo usaini. Nikajua ni kumhamisha chumba. Chumba cha nyuma, kilichotulia. Nilikuja wakati wa mapumziko ya mchana. Nilisaini pale mlangoni, hata kukaa sikukaa."

"Hukusoma."

"Kutwa nzima nawaambia watu dirishani, soma kabla hujasaini."

"Sikumdanganya," Matroni alisema. "Nilimwambia utulivu. Sasa yeye amekuja kushtaki alichokiagiza mwenyewe. Andika hilo, afande."

Simu ya Sajini ikalia. Alikuwa Mkuu.

"Kobe. Nasikia unapekua vitabu vyao."

"Habari zinakimbia, mkuu. Mimi mwenyewe sijafika hapo kwa haraka hivyo."

"Ile nyumba ni ya mfano. Ijumaa kuna wageni wanakuja kuiona. Binti kasaini, karatasi ipo, kesi hakuna. Funga."

Sajini alitazama ukutani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya karatasi. Yeye mwenyewe ameiona dakika tatu zilizopita, na tangu hapo hakuna aliyetoka ofisini. Kumbe Mkuu alijua ipo kabla hajamtuma.

"Mkuu, sikupati vizuri."

"Nimesema funga!"

"Simu inakatika," Sajini alisema, akaikata.

Akamgeukia Matroni. "Ridhaa ya ndugu ni ya mzee asiyeweza kujisemea. Huyu alikuwa anajisemea mpaka mkamchoka. Mzee mwenye akili zake hanyweshwi kitu kwa sahihi ya mtu mwingine, hata awe mwanawe. Kama alikataa, hii karatasi ni ya kufungia maandazi."

"Kama alikataa," Matroni alisema. "Nani anasema alikataa? Yuko pale. Kamuulize."

Hapo ndipo kesi ilipofika. Bila Opareta kusema kwa mdomo wake kwamba alikataa, karatasi ingesimama, faili lingefungwa, na kesho jioni kijiko kingerudi kwenye vyumba kumi na vinane. Sajini alimpa Karani daftari lake na kalamu.

"Tengua ridhaa. Andika kwa mkono, tarehe na saa. Kuanzia sasa hivi."

Karani aliandika. Safari hii mstari mmoja ulimchukua muda mrefu.

Nakala moja Sajini alimpa Matroni, nyingine alitia mfukoni. Alipiga lakiri kabati la dawa. Kisha akamwita Bondia, akamweka kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha sita, na Bondia akaujaza mlango wote.

"Nikifukuzwa kazi?" Bondia aliuliza.

"Utakuwa shahidi."

"Shahidi analishwa na nani?"

"Kaa hapo," Sajini alisema.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda popote, Sajini alipita mahakamani, akayasajili malalamiko na nakala ya karatasi ya kutengua. Yakapewa namba. Faili lenye namba ya mahakama Mkuu wa kituo haliwezi kulifunga kwa kalamu yake peke yake. Lakini faili bila maneno ya mwenyewe aliyeumizwa hufa lenyewe, na Sajini alishazika mengi ya namna hiyo.

Saa tano, katika chumba cha sita, Opareta alifungua macho yote mawili.

Alitazama dari kwanza. Akamtazama Sajini. Karani alikuwa amesimama dirishani, lakini macho ya mama yake yalipita pale kama yapitavyo kwenye kioo.

"Maji," alisema. Sauti ilikuwa inakwaruza. "Sitaki ya kijiko. Nipe kikombe."

Sajini alimshikia kikombe. Alikunywa chote, akapumua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Polisi."

"Mmechelewa."

"Ni kweli. Unajua uko wapi?"

"Mahali ambapo watu wanakoroma mchana."

Mlangoni Bondia aliguna kwa kicheko, akajizuia. Nyuma ya bega lake alisimama Matroni, mikono kifuani. Sajini alimwacha. Mshtakiwa akisikia kwa masikio yake, baadaye hasemi katungiwa.

"Walikuwa wanakupa nini?"

"Wanakiita utulivu. Kinywani kina uchungu, halafu miguu inaondoka, halafu unasikia watu wanakuongelea kama vile hupo."

"Ulikubali kunywa?"

"Nilikataa." Kila neno alilitoa peke yake, limekamilika. "Nilimwambia yule mama mwenye funguo, mimi siumwi, mimi nimezeeka. Siku ya kwanza nilikitema. Siku ya pili alinishika hapa na hapa." Vidole vyake vikagusa taya, upande na upande.

Sajini aliandika. Nilikataa. Nilikitema. Alinishika. Saa ilikuwa tano na nusu. Alichokuwa anakitafuta alikuwa amekipata, na mpelelezi mwingine angefunga daftari pale. Yeye aligeuza ukurasa nyuma, kwenye ile sentensi aliyoipigia mstari jana.

"Mama, alama ulizonazo zote ni za wakati mmoja. Lakini kijiko kiliendelea wiki tatu. Siku ya tatu alikushikaje?"

"Siku ya tatu hakunishika. Nilifungua mdomo mwenyewe."

"Umesikia, afande?" Matroni alisema. "Mwenyewe. Liandike hilo nalo."

Sajini aliliandika hilo nalo, herufi zile zile, wino ule ule.

"Kwa nini ulifungua?"

Gereji nyuma ya ukuta walikuwa wanagonga bati.

"Kila akija na kijiko ananiambia, mwanao ndiye ameagiza. Nikamwambia mwongo. Siku ya tatu akaniletea karatasi, akaniwekea hapa kifuani. Hati ile naijua. Nilimshika mkono mimi nikimfundisha kuandika, mezani kwetu, kabla hata ya shule. Nikasema, kama yeye ndiye anayetaka nilale, basi nilale."

"Mama," Karani alisema.

Opareta aligeuza kichwa. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama.

"Sikusoma, mama. Walisema utulivu, nikajua chumba cha nyuma. Wallahi sikusoma."

"Miaka thelathini nimeunganisha simu za watu," Opareta alisema. "Ulevi wao, mapenzi yao, misiba yao. Sikuchomeka waya hata siku moja kabla ya kuuliza, unamtaka nani. Wewe mama yako unamkabidhi, huulizi wanampeleka wapi."

"Nisamehe."

"Nilikupigia. Akili iliponirudia nilikupigia wewe, sikuwapigia polisi. Nikakuuliza nimekukosea nini. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Karani alifunika mdomo kwa mkono.

"Uliniambia, 'Lala mama, pumzika.' Jioni kijiko kikaja, nikafungua."

Sajini aliandika na hilo. Angeweza kuliacha, lilikuwa linamfaa wakili wa Matroni kuliko lilivyomfaa mtu mwingine yeyote. Alimaliza ukurasa, akausoma wote kwa sauti tangu juu, bila kupunguza. Opareta alisikiliza amefumba macho, akamsahihisha mahali pawili pa Kiswahili, akasaini.

Saa sita kasoro kumi simu ya Sajini ililia tena. Aliacha ilie mpaka ikachoka. Kisha alimwambia Matroni avue funguo, na akaandika hesabu yake: funguo saba, utepe mmoja. Matroni alimkabidhi huku anasema wale waliosaini cheti ndio wangepaswa kusimama pale alipo yeye. Sajini hakubishana naye, maana hapo alikuwa anasema kweli.

Bondia alimnyanyua Opareta, blanketi na yote, akapita naye sebuleni. Wazee wawili walikuwa wanaizomea televisheni. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa kivulini mbele ya mlango, tayari kwenda hospitali. Bondia alimweka kiti cha nyuma, akamfunga mkanda, akamwekea mto mgongoni.

Karani alikuwa amebeba ndara za mama yake na mkoba wa nguo. Aliweka mkoba ndani, akazunguka upande wa pili, akashika kitasa cha mlango ili apande.

"Huyo asikae na mimi," Opareta alisema, anatazama mbele.

Alilisema kwa ile sauti yake ya zamani iliyojulikana na mji mzima. Sajini alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani. Alitazama kwenye kioo, akamwona binti kasimama, ndara mkononi, hajui aziweke wapi.

"Dada," alisema, "itabidi uje na gari jingine. Sheria hairuhusu mlalamikaji na shahidi kupanda gari moja."

Sheria ya namna hiyo hakuna. Karani alikuwa na miaka kumi na tisa mahakamani, na alijua kwamba hakuna.

"Sawa, afande," alisema. Akainama, akaziweka ndara sakafuni karibu na miguu ya mama yake, akalivuta blanketi lisibanwe, akaufunga mlango mwenyewe, taratibu.